Gari Lenye Nguvu na Njia ya Tope: Malalamiko ya Wenye Magari na Uchaguzi wa Gia

Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kwa vyama ambavyo tayari vina gari la njia mbaya, na kwa vile vinavyofikiria kununua. Baada ya kulisoma na kulijadili katika kikundi, mwanachama aweze kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini gari lenye injini kubwa hukwama mahali ambapo gari lenye injini ndogo limepita. Pili, malalamiko yapi juu ya gari ni ya ubovu, na yapi ni ya matumizi yasiyofaa. Tatu, gia za namna gani zinafaa kwa kazi ya chama, na ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya kuzibadili.

Gari la aina hii ni mali kubwa kuliko mali nyingi za chama cha msingi. Likinunuliwa kwa mkopo, kila mwanachama analibeba deni lake, hata yule ambaye hajawahi kulipanda. Kwa sababu hiyo neno "gari letu ni bovu" lisipite mkutanoni bila kupimwa.

Njia za Kibiti na Delta

Barabara kuu ya lami inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Mkuranga, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003, nalo lina urefu wa meta 970. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko, na mto ulipojaa safari zilisimama. Ni dhahiri kwamba daraja lilibadili maisha ya watu wa pande zote mbili. Lakini daraja halikubadili njia ziendazo mashambani.

Mtu akiiacha lami hukutana na njia za namna tatu. Katika nchi ya juu, penye mikorosho, kuna mchanga mwepesi unaomeza magurudumu wakati wa kiangazi. Katika bonde la mto kuna udongo mzito wa mfinyanzi, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali, na ukilowa huganda kwenye matairi mpaka meno yake yasionekane. Karibu na mikoko kuna tope la maji ya chumvi linalofuata kujaa na kupwa kwa bahari. Mbele ya hapo gari halina kazi tena. Visiwa vya delta hufikiwa kwa mtumbwi, dau au boti, na mzigo wa huko hupokelewa pwani, mahali kama Nyamisati.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na makazi. Mvua za vuli huanza Oktoba, wakati ule ule korosho zinapokusanywa. Korosho zikiuzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, mzigo ambao haujafika ghalani hauwezi kuingia katika mnada wa siku hiyo. Gari likilala topeni siku 2, mkulima husubiri mnada mwingine, na bei ya mnada huo hakuna aijuaye.

Gia ni nini?

Mtu anayenyanyua gogo kwa mti mrefu wa wenzo hutumia nguvu kidogo, lakini mkono wake husafiri mbali ili gogo lipande kidogo tu. Gia hufanya kazi hiyo hiyo. Injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja, na kadiri injini inavyozunguka mara nyingi zaidi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, ndivyo gurudumu linavyopata nguvu zaidi na mwendo mdogo zaidi. Gia yenye kutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo madereva huiita gia nzito. Ile yenye kutoa mwendo mwingi na nguvu kidogo huitwa gia nyepesi. Hakuna gia itoayo vyote viwili kwa pamoja.

Katika gari la njia mbaya nguvu ya injini hupita mahali patatu kabla ya kufika kwenye tairi. Mahali pa kwanza ni giaboksi ya kawaida, yenye gia namba 1 hadi namba 5. Mahali pa pili ni transfa, yaani sanduku la pili la gia, ambalo hugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ambalo lina sehemu nyepesi ya njia nzuri na sehemu nzito ya njia mbaya. Mahali pa tatu ni difu, iliyopo katikati ya ekseli.

Uchukuliwe mfano wa pikapu ambayo gia yake namba 1 huzungusha mara 4.5, difu mara 4.1, na transfa nzito mara 2.5. Mzingo wa tairi, yaani umbali ambao gari huenda tairi likizunguka mara moja, uwe meta 2.5.

Dereva akiwa katika gia namba 1 bila transfa nzito, injini huzunguka mara 4.5 × 4.1, yaani mara 18.45, kwa mzunguko mmoja wa tairi. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari hutembea kilomita 8 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Akiweka transfa nzito, hesabu huwa 4.5 × 4.1 × 2.5, yaani mara 46 na kidogo. Kwa mizunguko ile ile 1,000 gari hutembea kilomita 3 na robo kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Lakini nguvu iliyofika kwenye tairi imekuwa mara mbili na nusu ya ile ya kwanza, na injini ni ile ile, wala haikuongezewa hata tone moja la mafuta.

Hapa ndipo palipo kiini cha somo. Nguvu inayolitoa gari topeni hutokana na gia iliyochaguliwa zaidi kuliko ukubwa wa injini.

Mafunzo kutoka viwandani

Jambo hili viwanda vyenyewe vimejifunza kwa miaka mingi, na historia yake yafaa kujulikana na wanunuzi.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Injini yake ya petroli ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi zipatazo 50 tu. Hata hivyo ilikuwa na transfa ya sehemu mbili, nyepesi na nzito, na kwa hiyo ilivuta mizigo na kupanda milima ambayo mtu asingeitegemea.

Toyota ilianza kwa njia nyingine. Gari lake la mwaka 1951, lililokuja kuwa baba wa Land Cruiser, lilikuwa na injini ya lita 3.4 yenye nguvu za farasi zipatazo 85. Mwaka huo huo gari hilo lilipanda Mlima Fuji wa Japani mpaka kituo cha sita. Lakini halikuwa na transfa nzito. Lilitegemea injini kubwa na gia namba 1 iliyo nzito. Ilipofika mwaka 1960, katika mfululizo wa 40, injini ilikuzwa hadi lita 3.9, na juu ya hayo gari likawekewa transfa nzito. Hata baada ya kupata injini kubwa zaidi, kiwanda kiliona kuwa gia nzito haina budi kuwapo.

Funzo jingine ni la karibu zaidi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotokea mwaka 1984, iliwekewa mwaka 2007 injini ya dizeli ya silinda 8 yenye lita 4.5 kwa baadhi ya nchi, Australia ikiwa mojawapo. Ilikuwa injini yenye nguvu nyingi, lakini wenye magari huko walikuwa na malalamiko mawili makubwa. Walisema kwamba kwenye barabara kuu injini huzunguka kupita kiasi hata katika gia namba 5, kelele ikazidi na mafuta yakaenda. Tena walisema kwamba magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa milimeta 95, kwa sababu sehemu ya mbele ilipanuliwa ili injini ienee. Katika mchanga na tope gurudumu la nyuma halikufuata vizuri mfereji uliochimbwa na la mbele, bali lilichimba wake. Mwaka 2016 kiwanda kilizifanya gia namba 2 na namba 5 kuwa nyepesi zaidi. Lalamiko la kwanza likapungua, lakini la pili halikuondoka.

Kutokana na hayo mwanachama aone kwamba gari kuwa maarufu hakulizuii kulalamikiwa. Malalamiko ya mtu anayesafiri jangwani kwa lami ndefu, aidha, si lazima yawe malalamiko ya chama kinachobeba korosho kutoka Mtunda au Ruaruke. Mwenye lami ndefu huomba gia nyepesi. Mwenye tope akimwiga, amejinunulia matatizo.

Malalamiko matano na kiini chake

1. "Gari halina nguvu, na klachi inaungua." Lalamiko hili mara nyingi hutoka kwa dereva anayeingia topeni na mzigo katika gia namba 1 ya kawaida. Gari linataka kwenda kilomita 8 kwa saa, tope linalizuia, na tofauti hiyo huliwa na klachi. Harufu ya kuungua inaposikika, hasara imekwisha kutendeka. Dawa yake ni kuweka transfa nzito kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama, wala si baada ya kukwama. Katika tope laini gia namba 2 ya transfa nzito mara nyingi hufaa kuliko namba 1, kwa sababu tairi halizunguki bure kwa urahisi.

2. "Gari linakata shafti." Transfa nzito huongeza nguvu katika shafti za ekseli pia. Gurudumu likizunguka bure kwa kasi, kisha ghafla likashika mzizi au jiwe, nguvu yote hurudi kwenye shafti kwa pigo moja. Land Rover za zamani zilijulikana kwa udhaifu wa shafti za nyuma, lakini hakuna gari lisiloweza kukatwa kwa mtindo huo. Dereva afundishwe kukanyaga mafuta taratibu na kuacha mara tairi linapoanza kuzunguka bure. Kwanza koleo, matawi na kupunguza mzigo, ndipo mafuta. Mwenda pole hajikwai, na wala hakati shafti.

3. "Gari linakuwa zito kwenye kona, na matairi yanakwisha upesi." Katika magari mengi ya kazi, dereva anapounganisha magurudumu manne, yaani anapoweka "fowili", ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Lakini gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Topeni au mchangani tairi huteleza kidogo na kujiokoa. Juu ya lami haliwezi kuteleza, hivyo shafti na gia hupigana zenyewe kwa zenyewe, matairi huliwa, na wakati mwingine mpini wa transfa hukataa kutoka. Fowili ya namna hiyo hutolewa kabla ya kupanda lami, na difu zilizofungwa hufunguliwa. Yapo magari ya namna nyingine, kwa mfano Land Rover One Ten ya mwaka 1983 na zile zilizoifuata zikiitwa Defender, ambazo huendesha magurudumu yote manne siku zote kwa msaada wa difu ya katikati. Hayo hayana shida juu ya lami, lakini dereva asipoifunga difu ya katikati topeni, gurudumu moja linaloteleza laweza kulisimamisha gari zima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dereva mpya ni hili: gari hili ni la namna ipi kati ya hizo mbili?

4. "Difu inalia." Kwa watu wa delta lalamiko hili lina sababu ya pekee. Difu iliyopata moto safarini ikiingia majini ghafla hupoa na kuvuta hewa. Kama kitundu chake cha kupumulia kimeziba, huvuta maji kupitia sili. Mafuta ya difu yakichanganyika na maji hupata rangi ya maziwa, nayo hayawezi tena kulinda meno ya gia. Baada ya kila safari iliyopita kwenye maji ya kina, fundi akague mafuta ya difu, giaboksi na transfa. Baada ya maji ya chumvi, gari lioshwe kwa maji baridi ya kisima mpaka chini ya uvungu. Gharama ya mafuta ya difu ni ndogo, bali difu mpya yaweza kumeza faida ya msimu.

5. "Gari linakunywa mafuta." Huenda ni kweli, na huenda daftari ndilo linalosema uongo. Lalamiko hili linahitaji kifungu chake peke yake.

Matairi makubwa na daftari la safari

Ni desturi ya baadhi ya madereva na mafundi kushauri matairi makubwa kuliko yale ya kiwanda, ili gari lipande juu. Ushauri huo hubadili gia bila mtu kugusa giaboksi.

Turudi kwenye pikapu ya mfano. Mzingo wa tairi ukiongezwa kwa sehemu 10 katika 100, kutoka meta 2.5 hadi meta 2.75, gari husukumwa mbali zaidi kwa kila mzunguko. Nguvu ya kusukuma hupungua kwa kiasi cha sehemu 9 katika 100. Hiyo ni sawa na kuondoa difu ya 4.1 na kuweka ya 3.7. Ndipo dereva analalamika kwamba gari limepoteza nguvu topeni, ilhali aliyemshauri aliahidi kinyume chake.

Tena mita ya kilomita huhesabu mizunguko, wala haioni ardhi. Gari likienda kilomita 100 za kweli, mita itaonyesha 91. Ikiwa lita 13 zilitumika, Katibu ataandika lita 13 kwa kilomita 91, nayo hesabu itatoa lita 14.3 kwa kilomita 100. Gari litaonekana limeongeza ulaji kwa sehemu 10 katika 100, na huenda dereva mwaminifu akashukiwa kuiba dizeli. Kinyume chake pia huwezekana: dereva asiye mwaminifu huweza kujificha nyuma ya tairi. Na mita ya mwendo inaposoma kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 88.

Kwa hiyo Katibu aandike ukubwa wa matairi katika ukurasa wa kwanza wa daftari la safari. Yakibadilishwa, aandike tarehe, na apime mita upya kwa umbali unaojulikana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa daftari huonekana siku ya ukaguzi.

Uchaguzi wa gia: hesabu kwa saa

Linapofika shauri la kuchagua gari au kubadili difu, hoja inayosikika mara nyingi ni hii: "Gari letu huenda kilomita nyingi zaidi kwenye lami, basi tuchague gia nyepesi." Hoja hiyo ipimwe kwa mfano.

Chama cha mfano kina pikapu ya tani 1. Katika juma moja la msimu gari hufanya safari 10 za mashambani, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi. Jumla ni kilomita 280 za mchanga na tope. Katika juma hilo hilo huenda Dar es Salaam mara 2, na tuseme kila safari ni kilomita 130 kwenda na 130 kurudi. Jumla ni kilomita 520 za lami. Kwa kilomita, lami imeshinda.

Sasa ihesabiwe kwa saa. Kwenye lami, penye vijiji vingi na vibao vya kilomita 50 kwa saa, wastani uwe 50. Kilomita 520 huchukua saa 10 na dakika 24. Mashambani wastani uwe kilomita 12 kwa saa. Kilomita 280 huchukua saa 23 na dakika 20. Injini, klachi na shafti za gari hili hufanya kazi topeni kwa zaidi ya mara mbili ya muda wa lami, tena kwa mzigo. Huko ndiko linakochakaa, na gia zichaguliwe kwa ajili ya huko.

Je, gia nyepesi ingeokoa nini? Difu ya 3.7 mahali pa 4.1 hupunguza mizunguko ya injini kwenye lami kwa karibu sehemu 10 katika 100. Hata tukikadiria kwamba mafuta hupungua kwa sehemu 5 katika 100, na gari hula lita 12 kwa kilomita 100, akiba kwa kilomita 520 ni lita 3 na kidogo kwa juma. Akiba hiyo iwekwe kwenye mizani pamoja na klachi moja iliyoungua, au na siku moja ambayo magunia ya wanachama hayakufika ghalani.

Zaidi ya hayo, difu hazibadilishwi moja. Katika gari la magurudumu manne difu ya mbele na ya nyuma hazina budi kuwa za hesabu moja. Zikitofautiana, siku ya kuweka fowili zitavunjana. Mtu anayeuza difu moja ya nyuma kwa bei nafuu hakifanyii chama hisani.

Pana neno moja tena ambalo wanachama hulisema nje ya mkutano, na yafaa lisemwe ndani. Zile safari 2 za mjini zilibeba nini? Kama zilibeba pembejeo, ni sawa. Kama zilibeba barua na mjumbe mmoja, basi nauli ya basi kutoka Kibiti ingetosha, na gari lingebaki kwenye kazi ambayo basi haliwezi kuifanya. Mara nyingi anayelalamika kwamba gari halina raha kwenye lami ni yule ambaye hakupaswa kulipeleka huko.

Wajibu wa kila mmoja

Dereva na utingo wake ndio wa kwanza kulijua gari. Wafundishwe kutumia transfa, kupunguza upepo wa matairi wanapoingia mchangani, na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Katibu aweke daftari la safari lenye tarehe, njia, saa ya kuondoka na kurudi, mzigo, kilomita, lita za mafuta, na mahali gari lilipokwama. Safu ya saa isiachwe wazi, kwa sababu pasipo safu hiyo hesabu iliyofanywa hapo juu haiwezekani.

Bodi isinunue gari kwa sifa za injini peke yake. Kabla ya kununua, gari lijaribiwe katika njia mbaya kuliko zote ambazo ni za lazima, likiwa na mzigo wake kamili. Kama njia hiyo ina siku ambazo hakuna gari lolote liwezalo kupita, Bodi ikubali ukweli huo na kupanga mtumbwi, trekta au ghala dogo la muda, badala ya kutafuta injini kubwa zaidi.

Mkutano Mkuu ndio wenye mali. Ununuzi mkubwa uwe katika makisio yaliyopitishwa, na mkopo usivuke ukomo wa madeni uliowekwa na Mkutano na kuidhinishwa na Mrajis. Badiliko la difu, giaboksi au ukubwa wa matairi si tengenezo dogo la fundi. Ni badiliko la mali ya chama, na liandikwe katika kumbukumbu za Bodi pamoja na sababu zake. Msimu ujao mwanachama atakapouliza kwa nini korosho zake zilichelewa, au kwa nini makato ya usafiri yamepanda, jibu litoke daftarini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja njia mbaya kuliko zote ambayo gari la chama chenu hupita kwa lazima. Ni ya mchanga, ya mfinyanzi au ya maji ya chumvi? Ni miezi gani haipitiki kabisa?

2. Gari lenu likiwa katika fowili, ekseli zake hufungwa pamoja, au lina difu ya katikati? Mwulizeni dereva aeleze mbele ya kikundi.

3. Pimeni mzingo wa tairi la gari lenu: wekeni alama ya chokaa juu ya tairi na juu ya ardhi, sukumeni gari mpaka tairi lizunguke mara moja, kisha pimeni umbali kwa futi kamba. Je, ni sawa na tairi la kiwanda?

4. Chukueni daftari la safari la juma moja la msimu uliopita. Hesabuni saa za lami na saa za udongo. Ni zipi zilizo nyingi? Kama daftari halina saa, andikeni azimio la kulirekebisha.

5. Katika juma hilo, ni safari ngapi za lami ambazo zingeweza kufanywa kwa basi?

Majibu ya kikundi yaandikwe na kutiwa sahihi na Mwenyekiti wa kikundi, kisha yasomwe katika kikao cha Bodi kabla ya msimu wa korosho kufunguliwa.